Sahani Kumi na Nane za Getaria

Birindwa alipigwa mara saba. Daktari wa Uhispania aliyeipasua maiti aliyapanga mapigo yote kwenye karatasi, moja baada ya jingine. La kwanza lilivunja taya. La pili na la tatu yalivunja vidole vya mkono wa kulia, maana marehemu aliuinua kujikinga. Manne yaliyobaki yalimalizia kichwa, na mawili kati ya hayo yalipigwa mtu akiwa tayari yuko chini. Silaha ilikuwa kipande cha mnyororo wa kufungia mashua, kilichoopolewa baharini kesho yake. Habari ya mnyororo polisi wa kule waliificha. Hakuambiwa shahidi hata mmoja, wala haikutoka gazetini.

Leya Nyirangabo aliisoma ripoti hiyo kwa mara ya tatu dukani kwa Cibalonza, Grant Street, mjini Buffalo. Alikuwa amekaa juu ya gunia la unga wa muhogo, kwa sababu kiti pekee kilichokuwepo alikikalia mwenye duka, naye alikuwa analia. Leya alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mwenye leseni ya jimbo, mwanamke wa miaka arobaini na miwili aliyezaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini. Wakili mmoja wa Buffalo alimpa kesi zote za watu wetu wa Kongo, kwa kuwa alijua Kiswahili na hakukubali kudanganywa kwa Kiswahili. Hakupenda machozi kazini. Alimpa Cibalonza kitambaa, akarudi kwenye karatasi zake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwezi wa sita mwaka ule, 2016, kwaya ya watu ishirini kutoka makanisa ya Kikongo ya Buffalo, Columbus na Louisville ilialikwa kuimba kwenye tamasha mjini Bilbao. Wote walikuwa wameshapata pasipoti ya Marekani, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kusafiri bila kukimbia kitu. Siku ya mwisho waandalizi waliwapa basi na kiongozi wa watalii, dada mmoja aitwaye Maite, awatembeze miji ya pwani kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa mbili waliondoka Bilbao. Walisimama juu ya genge kutazama kanisa dogo lililojengwa kileleni mwa kisiwa cha mawe, wakaimba ubeti mmoja, upepo ukawachukulia kofia mbili. Wakapita Bermeo kwenye mashua za jodari. Wakapita Lekeitio, wakapiga picha ufukweni na viatu mkononi. Saa saba na nusu wakafika Getaria, mji mdogo wenye bandari, ambako hoteli huchoma samaki kwa makaa nje, barabarani. Hapo ndipo walipokula chakula cha mchana, na hapo Birindwa akauawa, nyuma ya ukuta wa bandari, mwendo wa dakika tatu kutoka mezani.

Watu wawili hawakuingia kula: Birindwa mwenyewe na Jules Nshombo, mume wa Cibalonza, mpakiaji wa ghalani. Asubuhi ile, ndani ya basi, Jules alimpiga Birindwa ngumi mbili za uso mbele ya kwaya nzima. Na saa tisa alionekana akipanda kutoka kwenye mawe ya bahari, amembeba Birindwa mgongoni, shati lote damu. Polisi walimhoji siku mbili wakamwacha aondoke. Mwezi wa tisa wakabadili mawazo, wakaiomba Marekani iwarudishie mtu wao. Sasa Jules alikuwa mahabusu, na Ijumaa saa nane mchana jaji wa Buffalo angeamua kama akabidhiwe kwa Wahispania. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kilichomfunga Jules kamba shingoni ni hesabu ya samaki. Mhudumu wa hoteli alisema ukweli wake bila haya: sura za wageni wale zilimchanganya, kwa hiyo yeye alihesabu sahani. Samaki kumi na nane walitoka jikoni, kila mtu wake mzima. Sahani kumi na nane zilirudi na mifupa mitupu. Polisi wakapiga mstari hapo. Watu kumi na nane walikuwa mezani wakila kwa saa nzima. Waliokuwa nje ni wawili, na mmoja wao ameuawa.

Leya alikwenda jela mchana. Jules aliletwa jicho moja limefumba kabisa, shavu limepasuka na kushonwa nyuzi tisa. Mahabusu wenzake walimpiga kwa sinia la chakula Jumapili, watu wawili wakimshika na wa tatu akipiga, kwa sababu alikaa kwenye kiti cha mtu. Daktari wa jela hakuahidi lolote kuhusu jicho. Jules aliyasimulia hayo bila kuinua sauti, akajibu pia kila alichoulizwa juu ya Getaria. Alikataa kula kwa sababu alikuwa na hasira. Alitembea peke yake mpaka mwisho wa ukuta, akasikia mtu anakoroma chini kwenye mawe, akashuka. Birindwa alikuwa bado anapumua. Akambeba. Alikata roho mgongoni kwake kabla ya kufika barabarani.

Swali moja tu lilimshinda kujibu.

"Jules, juu ya nini ulimupiga mu basi?"

"Ile iko ya sisi wawili, dada. Na mwenzangu amekufa."

"Ijumaa banakutuma Espagne. Kule utakaa miaka makumi mbili."

"Bon. Batume."

Hasira zilimpanda Leya mpaka masikioni. Alimwambia waziwazi kwamba jaji akiuona ukimya ule atauita hatia, na kwamba mkewe anakauka kwa machozi dukani. Jules aligeuza uso ukutani. Alipofungua tena mdomo ni yeye aliyeuliza: ndugu zake Leya wa Louisville wanajua kwamba ameshika kesi hii? Leya akasema hawajui. Jules akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akamwita askari amrudishe ndani.

Jioni Leya alifuata uvumi mmoja uliokuwa kwenye maelezo ya Maite. Kule Bermeo mlevi mmoja aliwatukana wanakwaya na kumrushia Birindwa chupa. Leya alimpigia Maite, Maite akawapigia polisi wa Bermeo, na jibu likaja haraka: mlevi yule alitiwa ndani saa tano asubuhi na hakutoka mpaka jioni. Njia hiyo ikafa. Leya akalala mapema, na Jumatano alfajiri akashika barabara ya Columbus.

Mama Kavugho alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza, mama wa miaka sitini mzaliwa wa Butembo, anayefanya kazi ya kukunja mashuka ya hospitali. Alimpokea Leya kwa chakula kabla ya salamu kwisha, akamlazimisha ale, akamsimulia safari nzima mji kwa mji. Alikumbuka kila kitu: kanisa la Getaria lenye sakafu iliyoinama kama mteremko, bei ya soda, jinsi Maite alivyotembea na mwavuli mwekundu juu ili wasipotee. Alipofika kwenye chakula, alisimulia mbiombio. Waliomba, wakala, wakaimba wimbo wa kushukuru, basi.

Leya alisafisha mikono, akatoa picha. Alikuwa amekusanya arobaini na tatu kutoka simu za wanakwaya, akazichapa zote na kuandika nyuma yake saa zilipopigwa. Picha ya thelathini na moja ilipigwa saa nane na dakika ishirini. Mama Kavugho alikuwa anacheka katikati ya meza. Mbele yake palikuwa na sahani yenye mifupa, na chini ya sahani hiyo, sahani nyingine. Leya aliiangalia picha ile kwa kioo cha kukuzia usiku wa Jumatatu bila kuona kitu. Sasa, kando ya mama mwenyewe anayesimulia mbiombio, aliona.

"Mama Kavugho, hapa minaona mikia mbili."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Hakuitazama picha.

"Ulikula samaki ya nani?"

"Ni haya, mutoto yangu. Birindwa iko nakufa kule inje, na mimi niko nakula mbili."

"Ya nani, mama?"

"Ya Rurangwa."

Rurangwa wa Louisville alikuwa shemasi na mwimbaji wa besi, mtu wa milima ileile aliyotoka Leya. Alikaa kando ya Mama Kavugho wakati wa sala ya chakula. Wote wakafumba macho, na sala ya kwaya haikuwa fupi. Mama alipofumbua macho, kiti cha jirani kilikuwa kitupu.

"Nikasema, donc, harufu imemushinda," alieleza. "Batu ya kwenu, bale bakubwa, samaki habaionjake. Si unajua? Sahani ikakuya imejaa. Sasa mwenye hoteli arudishe chakula yote vile? Angesema tunamuzarau. Njo nikakula."

Rurangwa alirudi wakati wa wimbo wa kushukuru, maji yanamchuruzika kichwani, akasema joto limemzidi na amejimwagia maji ya bomba. Polisi walipokuja, mkalimani alimwuliza mama kama chakula chote kililiwa. Akajibu kililiwa chote. Hakuulizwa kililiwa na nani. Baadaye, alipoelewa kwamba sahani zile ndizo zilizomfunga Jules, aibu ilikuwa imeshamkaba: kiongozi wa sauti ya kwanza, kala sehemu mbili huku ndugu anauawa.

Leya hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na kwa uchungu. Baba yake alifariki Louisville ana miaka themanini na moja bila kuwahi kutia samaki mdomoni, kwa mwiko wa wafugaji wa kwao, na yeye Leya mpaka leo hamli mbele ya wazee wa kwao. Katika watu wote walioshika jalada lile, ni yeye aliyepaswa kuuliza siku ya kwanza nani kati ya wale kumi na nane hali samaki. Akaona sahani kumi na nane kama Mhispania alivyoziona.

Aliuliza juu ya basi. Hapo mama akalegea, maana siri moja ikishatoka nyingine hufuata. Mke wa Rurangwa, Umutoni, alimtoroka mumewe mwezi wa tatu, taya limefungwa waya na mbavu mbili zimevunjika. Birindwa ndiye aliyempakia kwenye gari lake na kumpeleka kaskazini, mahali wasipopajua watu wa Louisville. Siku ile kwenye matembezi Rurangwa alizunguka kiti kwa kiti akiuliza mke wake yuko wapi, kwa upole, mkono begani kwa kila mtu. Kabla ya Bermeo Birindwa alimwambia Jules kwamba amechoka kubeba siri ya ndoa ya watu, kwamba atamwambia mume, wazee wawapatanishe. Mama alikuwa kiti cha nyuma, aliyasikia. Na hapo hapo Jules akampiga.

Kwa hiyo Jules alijua Umutoni amefichwa wapi. Angemwambia jaji sababu ya zile ngumi, angeulizwa yuko wapi huyo mwanamke, na jibu lingeandikwa kwenye karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuomba kuisoma. Leya aliinuka kwenye kochi la Mama Kavugho. Kisha akampeleka mama kwa mthibitishaji wa hati, akamwandikisha maelezo yote, samaki wawili na aibu yake ndani, akamtumia wakili.

Wakili alifurahi nusu. Alisema samaki anaweza kumtoa Rurangwa mezani lakini hamtii bandarini, na jaji wa Ijumaa anataka zaidi. Leya akamwuliza sheria ya Kentucky, jimbo la Louisville, inasemaje mtu akirekodi mazungumzo yake mwenyewe. Wakili akamjibu kwamba inaruhusu, kisha akamkataza asiende peke yake. Leya alisema amesikia.

Alikwenda peke yake. Alhamisi saa sita mchana aliegesha gari Shively, kitongoji cha Louisville, mbele ya nyumba ya matofali yenye nyasi zilizokatwa vizuri, akampigia wakili arekodi, akaiacha simu wazi ndani ya mfuko wa koti. Rurangwa alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa na miaka hamsini, mrefu, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Alimjua baba yake Leya, na alimwita mtoto wetu; Leya naye alimwita papa, yaani baba. Alimkalisha jikoni, akabandika sufuria ya maziwa ya chai mwenyewe, akaomba radhi kwamba nyumba haina mwanamke.

Leya alisema anaandika maelezo ya safari kwa ajili ya kesi ya Jules, na alitaka kila mtu asimulie siku yake mji kwa mji. Rurangwa alisimulia vizuri. Genge, upepo, Bermeo, mlevi na chupa yake. Lekeitio alikataa kuvua viatu. Getaria aliingia hotelini na wenzake, akakaa kando ya Mama Kavugho, akala, wakaimba.

"Ulikula nini, papa?"

"Ile bote balikula. Samaki."

"Wewe?"

Rurangwa alitabasamu. "Ukifika Ulaya, unakula ya Ulaya."

"Balikupatia namna gani?"

"Bipande bipande, na muchuzi." Alikoroga maziwa. "Ilikuwa muzuri."

"Papa, ilikuwa samaki muzima, ya makaa, na mifupa yake. Muchuzi haikukuwa. Ile yako ilikulwa na Mama Kavugho."

Hakushtuka. Alipunguza moto, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni. Leya aliinuka. Hakuwahi hata kupiga hatua. Mtu yule aliyekuwa akikoroga maziwa alimfikia kwa hatua mbili, akamshika nywele na kuligonga paji lake la uso kwenye ukingo wa meza. Leya alianguka juu ya kiti, kiti kikavunjika. Aliponyanyua kichwa damu ilikuwa imemjaa jicho la kushoto, na mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa mezani, vidole vimetandazwa.

Rurangwa hakuuliza habari ya Getaria. Hakujali kesi, wala jaji, wala samaki. Alisema amezunguka Buffalo yote, amezunguka na Lackawanna, mji wa jirani, amesimama nje ya makanisa Jumapili nne. Mke wa Jules ndiye aliyemtuma Leya. Basi Leya anajua.

"Umutoni iko wapi?"

"Sijue, papa."

Alikishika kidole kidogo na kukivunja nyuma. Leya alisikia mlio kabla ya maumivu. Alipiga kelele, na kelele ile ilimshangaza yeye mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa ya kitoto. Rurangwa alingoja imalizike, kwa subira ya mtu anayengoja sala iishe.

"Iko wapi?"

"Sijue."

Kidole cha pili. Leya alitapika juu ya meza. Katika maumivu yale alijua kitu kimoja kwa hakika, na kilimuuma zaidi ya mkono: angekuwa anajua, angesema. Angesema mtaa, nyumba, rangi ya mlango. Alikuwa anaulinda usalama wa Umutoni kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyemwambia.

"Birindwa naye alisema sijue," Rurangwa alisema karibu na sikio lake. "Nilimuuliza muzuri kwanza. Kiisha nikamuuliza na ile munyororo ya mashua. Nikamuuliza mupaka akaacha kupumua muzuri. Wewe unazani uko nguvu kumupita?"

Akakishika kidole cha tatu. Mkono wa kushoto wa Leya ulikuwa huru. Aliupeleka nyuma kwenye jiko, ukagusa mpini wa sufuria, akaivuta juu ya meza kwa nguvu zake zote. Maziwa yaliyochemka yalimwagika usoni na shingoni mwa Rurangwa, mengine yakamwagikia Leya begani. Rurangwa alirudi nyuma akinguruma, mikono machoni. Leya alikimbilia mlango, akakumbuka ufunguo, akageuka. Rurangwa alikuwa ameshamfikia. Alimsukuma ukutani, akamkaba koo kwa mikono miwili, ngozi ya shavu lake ikiwa imeanza kuchubuka. Leya alimpiga goti mara mbili bila faida. Alimtia kidole gumba kwenye jicho lililoungua, akakandamiza. Mikono ikalegea kidogo, akavuta pumzi moja, ikakaza tena. Jikoni pakaanza kuwa giza mchana ule mweupe.

Polisi wa Shively walivunja mlango dakika ya tisa tangu kidole cha kwanza. Wakili alikuwa amewaita kwa simu ya pili akiwa Buffalo, na kwa simu ya kwanza alisikia yote. Ilibidi askari watatu wamtoe Rurangwa kwenye shingo ya Leya, na mmoja wao alipoteza jino. Walimlaza kifudifudi kwenye maziwa na kumfunga pingu. Hata hapo aliendelea kuuliza. Aliwauliza na wao.

Hospitali ilimfunga Leya mkono, ikamshona paji la uso, ikamwambia abaki siku mbili. Alitia sahihi ya kukataa kwa mkono wa kushoto, akapanda ndege ya asubuhi. Ijumaa saa nane mchana alikaa mahakamani Buffalo, shingo imevimba, hawezi kumeza hata mate yake, na wakili akacheza rekodi ile mbele ya jaji. Cibalonza aliziba masikio. Mkalimani alipofika kwenye mnyororo wa mashua, mwendesha mashtaka aliyekuwa amelala usingizi wa macho wazi alifungua ripoti ya daktari wa Uhispania, akatafuta ukurasa, akausoma, akaomba dakika kumi. Aliporudi alisema upande wake haupingi Jules kwenda nyumbani wakati Uhispania ikifikiria upya ombi lake. Jaji alimtoa kabla ya saa tisa na nusu.

Walikutana kwenye ngazi za nje. Jules alikuwa amevaa suti ya harusi yake, imembana, na bandeji juu ya jicho ambalo daktari alikuwa ameshaliandika kuwa limekwenda. Alimshika Leya mkono ule mzima kwa mikono yake miwili, akainama. Hakuisikia rekodi yote. Kiswahili kile kilipoanza kutoka kwenye spika aliinamisha kichwa na kukiziba kwa mikono. Leya akaona afadhali asikie kutoka kwake.

"Birindwa aliulizwa, Jules. Ile yote ilikuwa ni kuulizwa. Hakusema."

Jules aliuachia mkono wake. "Nilimupiga juu ya mudomo yake," alisema. "Nilisema iko na mudomo ya kuvuja." Akakaa chini kwenye ngazi, watu wakapita pembeni yake na mifuko yao ya kazi, na mtu mzima yule akalia kwa jicho moja. Cibalonza alikaa naye, na mara hii Leya hakuyachukia machozi. Alisimama karibu yao mpaka yakaisha.

Ilibaki karatasi moja. Wahispania wangehitaji maelezo ya Umutoni juu ya ndoa yake, na wakili alitaka anwani kwenye ripoti kabla ya kufunga ofisi. Leya aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama jambo lililokwisha. Rurangwa yuko ndani, amefungwa pingu kitandani hospitalini, hatatoka. Umutoni yuko wapi?

Jules alijifuta uso. Aliitazama bandeji ya mkono wa Leya, akaitazama shingo yake yenye alama za vidole, akamtazama Cibalonza. Cibalonza akageuka kutazama magari.

"Mi sijue, dada," Jules alisema.

Leya alihisi uso unamwaka. Alikuwa amevunjwa vidole viwili kwa ajili ya mtu huyu, na bado, kwake, alikuwa binti wa watu wa Louisville, ambako Rurangwa ana kaka watatu. Kisha akakumbuka kidole cha pili na alichojua kilipovunjika, na hasira yote ikamtoka. Aliweka karatasi juu ya goti. Kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa herufi kubwa zilizopinda, akaandika kwamba mke hajulikani alipo, kwamba mashahidi wote wameulizwa, akatia sahihi.